Kiti cha Lodi na Jina la Mpishi

Nusu ya makalio ya Birmingham yamekaa juu ya kazi ya mikono yangu. Sijisifu, nasema kilichopo. Ukiingia mkahawa wowote wa maana pale Stratford Road, ukaketi kwenye kochi ambalo springi haikuchomi, jua umeketi kwangu. Makanisa ya Wakenya, saluni za Wakongo, ukumbi wa harusi kule Lozells, kote nimepita na nyundo yangu. Shule niliiacha darasa la nne, na leo wenye digrii hunipigia simu wakinibembeleza: "Mzee, tuje lini?" Nami huwajibu ngoja nitazame kalenda, na kalenda sina. Siku zangu ninazo kichwani.

Ufundi nilipewa na Kalasinga mmoja mzee, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa na karakana yake hapa Sparkhill kabla mimi sijaijua baridi ya Uingereza. Alinichukua nikiwa mfagiaji. "Wewe," aliniambia kwa kile Kiswahili chake cha dukani, "kiti iko kama mtu. Toa nguo yake kwanza, ndiyo utajua iko na ugonjwa gani." Nilimsikiliza. Alipochoka akaniachia karakana, nami nikaipanua mpaka lori linaingia na kugeuka humo humo, na nje nikaweka bango ambalo basi likipita abiria wanageuza shingo.

Naanza na viti kwa sababu habari hii ni ya kiti kimoja. Tena ni habari ya kisasi, msidanganyike. Kanisani kwetu husema kisasi ni cha Mungu. Sawa. Lakini Mungu ana shughuli nyingi, na mara moja moja huwagawia watu kazi.

Kiti chenyewe kiliingia kwangu siku ya mvua, kimefungwa blanketi. Aliyekileta alikuwa Mzungu wa makamo kama mimi, shati la bei lakini kola imeanza kunyonyoka, na sauti ile ya watu waliofundishwa tangu utotoni kwamba wakiongea wengine hunyamaza. Nilimwita mwanangu wa kwanza, ambaye ni mtu mzima na ndiye dereva wa gari la karakana, aje asaidie kukishusha. Nilimwita kwa jina lake, kwa sauti, kama ninavyomwita mchana kutwa. Yule mgeni akampa mkono, akaniuliza jina hilo lina maana gani.

"Ni la babu yake," nikamwambia. "Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Hatuna vyeo vya kurithishana. Majina ndiyo tunayorithishana."

"Jina zuri," akasema, kama mtu anavyosifu chakula asichokusudia kukila.

Naomba msomaji ashike hapo. Jina alilisikia. Maana yake nilimpa. Asije mtu akasema nilimtega gizani.

Alisema kiti ni cha ukoo wao, baba yake amefariki, na kinatakiwa tayari kwa siku ya heshima ya familia. Akaenda zake. Nikakivua nguo kile kiti kama nilivyofundishwa. Mgongo mrefu wa mwaloni, umechongwa kunguru mwenye pete mdomoni. Kitambaa kimeoza, manyoya ya farasi ndani yamegandamana. Nikakipindua miguu juu. Miguu mitatu ilikuwa ya mwaloni. Wa nne haukuwa. Wa nne ulikuwa wa mzeituni wa porini, mti wa nyumbani kwetu, una mawimbi ya kahawia na nyeusi ambayo hata ukinifumba macho nitayatambua kwa kidole.

Niliketi sakafuni. Mwanangu akauliza, "Mzee, mgongo tena?" Nikamwambia aende akanunue chai, na chai ilikuwepo.

Mguu ule niliushika mwenyewe nikiwa mtoto, seremala akiupiga randa.

Nimezaliwa katika shamba la Lodi, Mzungu wa cheo cha kurithi, nyanda za juu za Kenya, kwenye pareto na ng'ombe wa maziwa na baridi ya kukata masikio. Baba yangu alizaliwa hapo hapo. Babu yangu alizaliwa hapo kabla hapajaitwa shamba la mtu yeyote. Baba alikuwa mpishi wa nyumba kubwa. Uhuru ulishakuja na bendera ilishapanda, ila habari hizo zilikuwa bado hazijapita geti letu.

Siku moja ikaja habari kwamba Lodi mzee amekufa huko Skotilandi, na cheo kimemshukia mwanawe, yule bwana wetu wa shamba. Kiti kikaletwa kwa meli ndani ya sanduku, kama maiti. Wakakisahau ghalani, mchwa wakala mguu mmoja, ndipo seremala akachonga ule wa mzeituni. Kisha tukaelezwa mila. Bwana mpya haketi hivi hivi. Lazima asimame mbele ya kiti, na mtu aliyezaliwa katika ardhi ya ukoo, asiye damu ya ukoo, amwambie: "Keti, bwana wetu, ardhi inakujua." Naye akishaketi hujibu mbele ya wote: "Naketi kwa idhini ya fulani," akilitaja jina la yule aliyemketisha. Lisipotajwa jina, hakuna alichofanya, amekaa tu kama mtu anayesubiri kunyolewa.

Wakamchagua baba. Jamani, baba yangu! Alijifunza yale maneno kwa Kiingereza akikanda unga, akikoroga supu, akitembea kwenda chooni. Alipiga pasi kanzu yake nyeupe hadi ikasimama yenyewe. Mama alimcheka: "Leo wewe ndiye unayempa Mzungu kiti?" Baba akasema, "Leo atanitaja." Ndilo lililomfurahisha. Si karamu. Kwamba mbele ya wageni wote wale atatajwa jina.

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya nguzo ya baraza nikaona kila kitu. Baba alisema maneno yake sawasawa, hakukosea hata moja. Lodi akaketi. Akafungua kinywa: "Naketi kwa idhini ya..." Akasita. Akamtazama baba, aliyempikia miaka yote ile, asubuhi, mchana na jioni. Akatabasamu, akasema, "...boi."

Wageni walicheka wakashika matumbo. Baba alikuwa bado amesimama wima, mikono imeshuka, anangoja. Alidhani kuna neno jingine linakuja.

Mtoto wa kiume wa Lodi, wa rika langu, aliupenda sana mchezo ule. Kwa wiki nyingi alikuwa akiketi kwenye ngazi za jikoni akipaza sauti, "Naketi kwa idhini ya boi! Boi! Lete maji!" Dada yake, aliyemzidi miaka kidogo, alimzaba kofi siku moja. Yeye alikuwa mtoto wa jikoni, anakula maharagwe na sisi kwa vidole, anajifunza chapati kwa baba, Kiswahili chake cha kuvunjavunja lakini hakioni haya.

Baadaye shamba liliuzwa kwa mkubwa mmoja wa serikali, wao wakaondoka, nasi tukaambiwa tuhame. Baba alifia katika chumba cha kupanga mjini. Hata siku zile za mwisho alikuwa akirudia jambo lile lile. "Angalau angesema mpishi," aliniambia. "Mpishi ni kazi. Boi ni nini?"

Sasa mtaniambia nisamehe. Nani amekuja kuniomba?

Yule Mzungu aliporudi kutazama kazi, nilimkaribisha chai na biskuti, nikamwachia kamba aongee. Watu wenye vyeo hawahitaji kuulizwa. Alinipa historia nzima. Kwamba mfalme fulani wa zamani aliwapa cheo kwa sababu babu yao alimvusha mtoni mgongoni akiwa amejeruhiwa. Kwamba baadaye waliunga mkono upande ulioshindwa vitani, wakanyang'anywa cheo, vizazi viwili wakaishi kama watu wa kawaida, "jambo la kutisha," alisema, mpaka wakarudishiwa. Kwamba cheo kinashuka kwa wanaume peke yao. Kuna Lodi mmoja alizaa mabinti watupu, na cheo kikawaruka mabinti wote kikaenda kumtafuta binamu wa mbali aliyekuwa akibandika karatasi za ukutani, wakamkuta juu ya ngazi na brashi mkononi.

"Na hii mila ya kuketishwa?" nikauliza, kama nisiyejua.

Macho yakang'aa. Alisema Lodi wa kwanza aliporudi kutoka vitani alimkuta mdogo wake anataka kuketi kwenye kiti chake. Mchungaji wa kondoo akakataa kusema neno. Yule mdogo akasimama mbele ya kiti karamu nzima, watu wanakula, yeye kasimama, hadi ndugu yake alipoingia mlangoni na mchungaji akasema, "Keti." Tangu hapo idhini hutolewa na mtu wa ardhi, na hutolewa mara moja tu. Aliyeketishwa ameketishwa mpaka afe.

"Serikali inaweza kukupa karatasi," alisema, "lakini jamaa zangu hawatanitambua kuwa mkuu wa ukoo mpaka niketishwe. Na hapo ndipo pagumu. Ngome yetu ni hoteli sasa. Ardhi imekwisha yote. Waliozaliwa kwetu Skotilandi wako makaburini. Kulikuwa na shamba letu Kenya, lakini nitampata wapi mtu wa huko?"

Akanywa chai. Mimi nikaendelea kupiga misumari taratibu. Nilitaka nione kama atanitazama usoni. Alikuwa akitazama dirisha.

"Unaweza kumpata," nikasema. "Nimezaliwa nyuma ya jiko lenu."

Kikombe kikatua. "Hapana!"

"Ndiyo. Mtoto wa mpishi."

"Mtoto wa mpishi!" Alisimama akanikumbatia, jamani, akanikumbatia na vumbi langu lote. "Ile mikate yake midogo ya siagi! Hadi leo naiota!" Mikate aliikumbuka. Akaniambia baba yake amefia hapa hapa Birmingham, nyumbani kwa dada yake kule Longbridge, alikoishi miaka mingi ya uzeeni, kwa sababu dada ni nesi mstaafu na ndiye pekee katika ukoo mwenye nyumba isiyo ya kupanga. Mila inataka kiti kiketiwe chini ya paa la ukoo, na paa lililobaki ni lile la dada. Nyumba ndogo, mpya, kwenye uwanja wa kile kiwanda cha magari kilichovunjwa. "Dada ni mkubwa kwangu," akaongeza, "lakini ni mwanamke."

Nilipiga msumari ukapinda. Longbridge! Nilishafunika viti vya kinyozi pale, nikala samaki na viazi pale, na Lodi yuko barabara ya pili amevishwa blanketi, anapumua. Nilimkosa nikiwa karibu naye hivyo. Mzee yule amekwenda zake bila kuniona nilivyokuwa mtu. Ndipo nikajua kwamba aliyebaki ni huyu.

"Nitakuketisha," nikamwambia. "Ila sikiliza. Wewe umerithi kwa baba yako, nami narithi kwa baba yangu. Kazi hii ilikuwa yake. Nitasimama badala yake, kwa hiyo jina utakalolitaja ni lake, si langu. Unamkumbuka?"

"Nitamsahauje!" akacheka, akanipiga begani. "Alikuwa kama mmoja wetu!"

Nikangoja aulize. Nilimsindikiza mpaka gari lake, polepole, nikimpa nafasi. Mwanangu alikuwa anafagia mlangoni, nikamwita kwa jina tena, asogeze gari letu apite. Yule bwana akampungia mkono. Hakuuliza. Alirudi tena mara kadhaa, akapiga simu kuuliza rangi ya kitambaa, urefu wa pindo, kama vifungo viwe vya shaba. Jina la mpishi hakuuliza. Kwake yeye hapakuwa na kitu cha kuuliza.

Mama watoto aliposikia aliweka sufuria chini. "Baba watoto, unakwenda kumketisha mtu aliyemwita baba yako boi?"

"Aliyemwita ni baba yake. Huyu aliimba kiitikio."

"Na jina umemwambia?"

"Amelisikia."

"Sikuulizi kama amelisikia. Umemwambia?"

"Mama, mtu akila kwa mtu miaka kumi, aambiwe?"

Alinitazama sana. "Wewe mzee una roho mbaya."

"Ninayo. Nimeitunza vizuri."

"Haya," akasema, akaokota sufuria yake. "Basi vaa ile suti nyeusi. Wao nasikia wanavaa sketi."

Kiti nilikitengeneza kuliko kiti chochote nilichowahi kugusa. Mtu asije akasema fundi alilipua. Velveti ya kijani, manyoya mapya, yule kunguru nikamsugua mpaka pete ikaonekana. Mguu wa mzeituni nikaupaka mafuta peke yake, mara nyingi kuliko ile mingine. Alipendekeza niubadilishe ufanane na wenzake. Nikamwambia haiwezekani kiufundi. Uongo. Ningeubadilisha kabla ya chakula cha mchana.

Siku yenyewe, mimi na mwanangu tulikipakia tukateremka Longbridge. Nyumba za pale zimepangwa kama meno ya bandia, zote sawa, na mbele ya moja walikuwa wamesimama wazee wa Kizungu wamevaa zile sketi za Kiskoti za mistari na soksi ndefu, upepo unawasumbua, na jirani mmoja katoka nje na kikombe chake kutazama bure. Mwanangu akaninong'oneza kwa Kiingereza chake cha hapa, akauliza kama tumefika kwenye harusi ya nani. Tukakipitisha kiti mlangoni kwa ubavu. Kilipotua sebuleni kilimeza nusu ya chumba. Jamaa wakajipanga kuzunguka kuta, wengine kwenye kochi, wengine mikononi mwa kochi, wengine kwenye ngazi. Mwanangu akasimama mlangoni, mikono nyuma.

Dada mtu alikuwa jikoni. Nywele nyeupe, aproni, mikono ya mtu aliyeinua wagonjwa maisha yake yote. Aliponiona alishika mlango.

"Mimi nakumbuka wewe," akaniambia kwa kile Kiswahili cha jikoni kwetu, ambacho sikudhani kuna mtu bado anacho. "Wewe nakula sukari yote."

"Ilikuwa wewe," nikasema.

"Mimi, ndiyo. Wewe napigwa." Tukacheka. Kisha akasema, chini, "Baba yako iko wapi?"

"Alikufa zamani."

Akaniwekea mkono kifuani, hapa, akaondoka kwenda kuchemsha maji ya chai ya watu wote wale. Hakuna hata mmoja wa wale wenye soksi aliyenyanyuka kumsaidia.

Mkubwa wa jamaa wote alikuwa binamu wa marehemu, mzee sana, masikio mazito, ana bakora, ndiye anayeshika mila. Aligonga sakafu na bakora. Yule bwana wangu akasimama mbele ya kiti, kifua mbele, uso umemeremeta. Nikasogea.

Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Nikasema nani mimi, na wapi nimezaliwa, na kwamba nasimama mahali pa baba yangu, aliyemketisha Lodi aliyepita. "Siku ile," nikasema, "baba yangu alitoa idhini, na jibu halikutolewa. Deni la jibu ni la kwanza. Kwa hiyo bwana huyu anitajie jina la mtu aliyemketisha baba yake. Akilitaja, nitasema neno langu."

Mzee wa bakora akaweka mkono sikioni, akarudiwa maneno, akatikisa kichwa kukubali. "Ni haki," akasema. "Taja."

Yule bwana akatabasamu. "Naam. Mpishi wetu mpendwa."

"Jina," nikasema.

"Tulimwita... sote tulimpenda sana."

"Jina."

Uso ukaanza kubadilika rangi kutoka shingoni kwenda juu. Akataja jina la rais wetu wa zamani aliyekwishafariki. Nikatikisa kichwa. Akataja la mkimbiaji mmoja wa marathoni. Jamaa mmoja kwenye ngazi alikohoa kuficha kicheko. Akanisogelea, akaninong'oneza kwa meno yaliyofungwa, "Niambie basi, mtu wangu. Tafadhali."

Hiyo tafadhali nilikuwa nimeisubiri tangu nyuma ya nguzo ya baraza. Nilimwacha asimame. Nikatazama mlangoni, na jina lilikuwa limesimama pale limevaa jaketi la karakana, lile lile alilolipa mkono siku ya mvua. Hakutazama huko.

"Mimi najua," sauti ikasema.

Dada mtu alikuwa ametoka jikoni na sinia kubwa la vikombe. Akasema kwa Kiingereza ili wote wasikie: "Mimi ninalijua jina lake. Alinifundisha chapati. Nililia tulipomwacha." Akalitaja. Akalitaja sawasawa, na la ubatizo na la ukoo wetu, kama mama yangu alivyokuwa akilitaja. Mwanangu kule mlangoni aliinua kichwa, akidhani anaitwa.

Sikuwa nimepanga kilichofuata. Nasema kweli. Nilikuwa nimepanga kumwacha bwana yule amesimama na kwenda zangu kula. Lakini kinywa changu kilishafunguka.

"Keti, bibi yetu," nikamwambia. "Ardhi inakujua."

"Huu ni mzaha," yule bwana akasema. "Ni mwanamke. Cheo ni changu, kwa sheria."

"Cheo chukua," nikamwambia. "Kiko kwenye karatasi, ni chako. Mimi nimesema habari ya kiti."

Wote wakamgeukia mzee wa bakora. Alitafuna midomo yake muda mrefu. "Mila," akasema mwisho, "inasema mtu wa ardhi, na inasema jina. Haisemi suruali." Akasema hivyo, na yeye mwenyewe kavaa sketi. Akagonga sakafu.

Dada mtu alinitazama. Kisha akamtazama mdogo wake, nami nikaona yule msichana aliyezaba kofi kwenye ngazi za jikoni. Alihitaji mikono mitupu ili aketi, na karibu yake hapakuwa na meza. Akamkabidhi mdogo wake sinia. Yule akalipokea, kwa sababu mtu akikupa sinia la chai ya moto unapokea. Dada akavua aproni, akaketi kwenye velveti yangu, akashika mikono ya kiti, akasema kwa sauti ya wodini, ile ambayo hata mgonjwa mbishi huisikia: "Naketi kwa idhini ya..." Na jina la baba yangu. Zima.

Sitaliandika hapa. Limetajwa mahali lilipotakiwa kutajwa.

Jamaa walipiga makofi, wengine kwa moyo, wengine kwa kuchelea bakora. Viti vyote vilikuwa na watu, kuta zote zina watu. Yule bwana alibaki katikati ya zulia, kasimama, sinia mikononi, hajui pa kuliweka. Nikamwendea. Nikachagua kikombe bila haraka.

"Asante," nikamwambia. "Boi."

Chai haikuwa na sukari. Nikainywa yote.